Shangazi Chokaa na Shimo la Tatu

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Punguzeni moto jikoni. Nyinyi mlioko kazini, endeleeni kujifanya mnafanya kazi, mimi simwambii mtu. Kaeni tuzungumze.

Leo nimechoka. Nasema mapema, sauti yangu ikikwama msije mkadhani redio zenu zimeharibika mkaanza kuzipiga makofi. Juzi tumetoka kuzika. Miguu imevimba, viatu nimevivua, viko chini ya meza hapa, na fundi mitambo ananikodolea macho kutoka upande wa pili wa kioo. Akodoe.

Tunamkumbuka Shangazi Chokaa. Shangazi Chokaa amefariki Jumanne ya wiki hii, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sabini na saba, nyumbani kwake nyuma ya soko. Narudia kwa waliochelewa kufungua: Shangazi Chokaa, Jumanne, saa tisa alasiri, miaka sabini na saba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anasubiri chai ipoe. Chai ikapoa.

Kazi yake ilikuwa chokaa. Kuizima, kuiuza, kuipaka. Na kuna jambo limesemwa juu yake kwa miaka ishirini na mbili: kwamba yeye ndiye aliyemharibia golikipa wetu jicho la kulia. Mmelisikia. Wengine mmelisema, na masikio yangu bado ni mazima, nawajua. Jambo hilo si kweli. Kabla kipindi hakijaisha nitawaambia jicho lile liliharibikaje, na ni mkono wa nani. Ninajua kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu golikipa yule ni mwanangu. Lakini msinikimbize. Mwanamke ameishi miaka sabini na saba, hatuwezi kuanzia kwenye jicho la mtu mwingine.

Tuanzie uani kwake.

Wengi wenu mmepita pale. Uzio wa mabati, mti wa ndimu mlangoni, kuku wawili wenye kiburi, na mashimo matatu yamefunikwa mbao. Lori lilikuwa linamletea mawe yaliyochomwa tanuruni. Mawe mepesi, makavu. Ukiyaona utadhani ni mawe ya kawaida yaliyougua. Ukiyatia majini yanachemka. Hakuna kuni, hakuna moto chini, yanachemka yenyewe, yanatoa mvuke, yanapasuka kama wake wenza wanaotukanana. Huko ndiko kuzima chokaa. Shangazi alianza kazi hiyo akiwa na miaka kumi na sita, kwa mama yake, na hakuwahi kufanya nyingine.

Mashimo yale aliyapa majina. La kwanza, shimo la kelele, ndimo chokaa ilimochemkia. La pili, shimo la manung'uniko, ndimo ilimopoa. La tatu, shimo la usingizi. Mle chokaa ilikaa chini ya maji, imefunikwa, haiguswi, miezi sita, mwaka, mpaka iwe laini kama siagi. Yeye hakupaka ukuta wa mtu kwa chokaa ambayo haijalala.

Mdogo wake, fundi baiskeli pale kona ya soko, alinisimulia juzi tukiwa msibani. Alisema: "Dada alikuwa anainama, anaweka sikio kwenye mbao za shimo. Namuuliza, Dada, unasikiliza nini? Ananiambia, nasikiliza kama imelala. Namwambia, wewe umerogwa. Ananijibu, na wewe unakoroma kama trekta, sasa kati yetu nani ana nafuu?" Akacheka, halafu akageuka kutazama ukuta kwa muda mrefu.

Chokaa ilimfikisha Shangazi kila mahali. Kuta za zahanati ni yeye. Kuta za shule ni yeye. Vigogo vya miti ya barabarani, vile vilivyopakwa mpaka kiunoni ili wadudu wasipande, ni yeye. Mawe ya kando ya barabara pia, kila mkubwa akitaka kututembelea. Shangazi alijua ziara za wakubwa kabla polisi hawajajua. Ukimwona anachuja chokaa kwa kitambaa siku ya Jumatatu, ujue Ijumaa kuna hotuba. Mabanda ya kuku utitiri ukizidi, aliitwa. Shamba likiwa chachu mazao yakagoma, aliitwa. Vyoo, hilo hatuelezani, tunabana pumzi. Hata mayai alikuwa anayalaza kwenye maji ya chokaa ndani ya mtungi, yanakaa miezi hayaharibiki. Alinipa moja mara ya kwanza, nikamwuliza limetagwa lini. Akaniambia, "Kula kwanza, tarehe nitakupa baadaye."

Na upakaji wake ulikuwa na vituko. Kwanza analowesha ukuta kwa maji. Halafu chokaa yenyewe anaifanya nyepesi kama maziwa ya kuibia yaliyotiwa maji, anatia chumvi, anatia bluu kidogo ya kufulia, anapaka kwa brashi ya katani. Sasa chokaa nzuri ikiwa bado mbichi ukutani haionekani. Ukuta unakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa. Mwalimu mkuu wa wakati ule alitoka ofisini mbio. "Shangazi! Umetupaka maji!"

"Mwalimu, kaa chini usahihishe madaftari."

"Mgeni anakuja kesho asubuhi!"

"Na ukuta unakuja leo jioni. Kaa chini."

Akakaa. Saa kumi jioni ukuta ulikuwa mweupe mpaka mwalimu mkuu akakinga macho kwa daftari la mtu. Shangazi alikuwa ameshaondoka na ndoo yake. Hakupenda kusimama kusifiwa, alisema kunamchosha kiuno.

Sasa mikono. Wasikilizaji wapendwa, hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu habari nzima iko mikononi.

Chokaa inakula ngozi. Mikono ya Shangazi ilikuwa imepasuka, imekakamaa, mikavu kama msasa. Binti yake, fundi cherehani, aliniambia hivi: "Ma'mdogo, nilipokuwa mdogo Mama akinipaka mafuta mgongoni nilikuwa nalia. Nikamwomba, Mama, nipake kwa kijiko." Basi kila jioni akimaliza kazi, Shangazi alinawa kwa maji mengi, halafu anachuma ndimu mlangoni, anaikata, anasugua vidole na viganja. Ndimu inaua ukali wa chokaa kwenye ngozi. Anauma meno, anasema "Ssss," anasuuza, basi. Mti ule mtaa mzima tuliutumia. Kutu kwenye shati, ndimu na chumvi. Sufuria limeungua, ndimu. Kikohozi, ndimu. Lakini sisi majirani tulipouona mti ule tulikumbuka jambo moja: chokaa ikikuchoma, dawa yake ni ndimu. Tuliliona kila jioni kwa miaka. Hakuna aliyetufundisha, tuliona tu kwa macho. Na tulichokiona kilikuwa mikono.

Alipokwenda kazini alibeba mfuko wa kitambaa. Ndani yake kisu kidogo na ndimu mbili.

Sasa ile siku.

Miaka ishirini na mbili iliyopita, Jumamosi, timu yetu ilikuwa inacheza mechi ya kombe na mgeni rasmi alikuwa njiani. Mistari ya uwanja alikuwa anaichora Shangazi, kwa chokaa ya shimo la tatu. Asubuhi ile mvua ikanyesha, ikaifuta yote. Na shimo la tatu lilikuwa tupu, chokaa iliyolala ilikuwa imeishia kwenye ukuta wa zahanati. Iliyobaki ilikuwa imezimwa siku tatu tu.

Mwenyekiti wa timu, ambaye naye ametangulia, Mungu amrehemu na mdomo wake, alisema, "Shangazi, chora."

"Mwenyekiti, hii bado ina hasira. Haijalala."

"Hasira ya chokaa itamfanya nini mtu aliyevaa viatu?"

"Golikipa hachezi kwa viatu, anacheza kwa uso."

"Shangazi, mgeni yuko njiani. Chora mistari."

Akachora. Hilo ndilo kosa lake. Alijua, akachora. Hakulikataa mpaka anakufa, na mimi silifichi leo. Kosa la Shangazi Chokaa ni mstari. Narudia: ni mstari, si jicho.

Dakika ya sitini na kitu, mwanangu aliruka kuufuata mpira chini. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mrefu, mikono kama matawi. Akaangukia uso kwenye mstari wa goli, palipokuwa na tope la chokaa. Mpira akaudaka. Halafu akaanza kupiga kelele, na mpira bado ameukumbatia.

Mimi nilikuwa nyuma ya goli. Nilikuwa sikosi mechi, na sauti yangu ilikuwa inafika zahanati. Shangazi alikuwa pembeni yangu amekaa juu ya ndoo. Aliinuka kabla yangu. Alipiga ukelele mmoja tu: "Msimguse! Naleta maji!" Akachukua ndoo, akakimbia kwenye bomba la shule. Mwanamke wa miaka hamsini na mitano, nguo ameikunja mpaka magotini, anakimbia kwenye tope.

Mfuko wake ukabaki pale chini.

Mfuko wa kitambaa, kisu kidogo, ndimu mbili.

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi. Nilikata ndimu. Nilipiga magoti, nikamlaza mwanangu kichwa mapajani, nikamfungua jicho kwa vidole vyangu hivi, na nikakamua. Nusu ya kwanza, halafu nusu ya pili. Kwa sababu chokaa ikikuchoma dawa yake ni ndimu. Nilikuwa nimeona kila jioni. Alipiga kelele zaidi nikamwambia, "Vumilia baba, inafanya kazi."

Shangazi aliporudi na ndoo, wachezaji walikuwa wamejazana, hakuna aliyeona vizuri. Yeye aliona. Aliona maganda mkononi mwangu. Aliyachukua maganda kutoka kwenye kiganja changu, akayatia mfukoni mwake, akamwaga maji. Aliendelea kumwaga mpaka gari likaja, ndoo baada ya ndoo.

Hospitali tulikaa kwenye korido ya kijani yenye benchi moja. Daktari alitoka, kijana, amevua miwani. Alisema, "Chokaa peke yake, kwa maji ya haraka, pengine tungepambana nayo. Lakini ndimu imechoma juu ya kidonda, na dakika za kuosha zimepotea. Nani alitia ndimu?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini mdomo ule uliokuwa unafika zahanati haukutoa hata mnong'ono.

Shangazi akasema, "Mimi."

Akatoa maganda mfukoni, akamwonyesha.

Jumatatu mtaa mzima ulijua. Chokaa yake, ndimu yake, nani mwingine? Manispaa wakamwondoa kwenye kazi za shule. Zahanati wakanunua rangi ya makopo, ikabanduka mwaka wa pili, hawakumwita. Uwanja wakaanza kuuchora kwa majivu na maranda, mpaka leo refa anagombana na watu mstari uko wapi. Kilichobaki ni chokaa ya chooni, anauza kwa kopo. Watu waliomkataa ukutani walimkubali chooni. Wanakuja wamefunika pua na aibu kwa kitambaa kimoja.

Mimi na yeye tulitenganishwa na ukuta mfupi, wa kifuani. Mwezi mzima sikuusogelea. Siku moja asubuhi naanika nguo, nikasikia, "Jirani, utanikwepa mpaka lini? Kamba yenyewe ya nguo tunachangia."

Nikaanza kulia. Nikamwambia, "Nitasema. Leo hii nakwenda kwa mwenyekiti, nakwenda kwa daktari, nasema."

"Utasema nini?"

"Kwamba ni mimi."

Alikuwa anachuja chokaa. Hakuinua hata kichwa. "Mtoto sasa ana jicho moja na mama mmoja. Unataka kumpunguzia tena?"

"Na wewe je?"

"Mimi nimechora mstari. Na mimi kunichukia hakumgharimu kitu. Nenda kaanike nguo, hiyo shuka inaburuta."

Nikaenda kuanika nguo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wasikilizaji wapendwa. Sikuburutwa, sikufungwa kamba. Aliniambia ninyamaze, na mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia ninyamaze.

Miaka ikapita. Redio hii ikafunguliwa, wakanichukua kusoma matangazo ya vifo kwa sababu ya koo langu. Darasa la saba langu likatosha. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na tano. Nimesoma wafu wenu wote, nimewasifu hata wale ambao mnajua na mimi najua. Kila wiki kipaza sauti kiko hapa, kinaniangalia, hakina mlango wala kufuli. Na Shangazi alikuwa ananisikiliza. Alikuwa na redio ndogo ameitundika kwenye mti wa ndimu. Nikifika nyumbani ananiita ukutani. "Leo yule mzee umemharakisha. Amekaa duniani miaka themanini, unamsoma dakika mbili?" Au, "Umesema marehemu alikuwa mpole. Mke wake alikuwa anasikiliza?"

Redio ile iliwahi kuharibika. Mwanangu sasa ni fundi wa redio na simu, ana kibanda pale stendi. Siku zote alikuwa akimwona Shangazi upande huu wa barabara anavuka upande ule. Kila mtu alimwelewa. Binti wa Shangazi ndiye aliyempelekea redio, nikadhani mwanangu atamrudishia bila kuigusa. Akaitengeneza siku hiyo hiyo, akaibadilishia waya wa ndani na antena, akairudisha imefungwa kwenye gazeti. Shangazi akaniita. "Mwanao amenitengenezea redio. Sasa nakusikia vizuri zaidi, kwa bahati mbaya."

Mimi nikadhani ni huruma tu ya fundi.

Wiki tatu zilizopita alikuwa hawezi tena kuinua ndoo. Nilikwenda kumsugua mikono kwa ndimu, kwa sababu alizoea, ingawa hakuwa amegusa chokaa siku nyingi. Kiganja chake kikakwaruza changu. Nikamwambia, "Mwenzangu, nimechoka."

"Hata mimi."

"Niruhusu niseme."

Kuku walikuwa wanagombana. "Nikishakufa fanya utakavyo, sitakuwepo kukuzuia. Lakini mwambie kwanza mtoto. Uso kwa uso. Usimfanye asikie redioni kama bei ya sukari."

Tukazika Alhamisi. Jana, Ijumaa asubuhi, nilimkuta mwanangu nyumbani kwangu anaosha koleo alilochimbia kaburi. Alikuwa ameshika koleo la kwanza, wala hakuna aliyemwomba. Nilisimama mlangoni. Nikasema, "Baba, ile ndimu ni mimi niliyeitia."

Hakuacha kuosha. Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Najua ni wewe, Mama. Nilikuwa sioni lakini nilikuwa nasikia vidole. Vidole vilivyonifungua jicho vilikuwa laini, na vilinuka sabuni, ulikuwa umetoka kufua. Shangazi hakuwa na vidole laini hata siku moja."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Tukatazamana. Macho matatu.

Akaweka koleo chini. Akasema, "Nilingoja useme wewe. Halafu nikazoea kungoja. Nikawa nikimwona Shangazi navuka barabara. Watu wanadhani namchukia, na mimi nilikuwa siwezi kumtazama usoni. Nilimtengenezea redio nikashindwa kuipeleka mwenyewe. Kesho uko hewani?"

"Niko hewani."

"Sema. Na yangu useme pia. Sitaki ubebe peke yako, ameshabeba mtu peke yake, inatosha."

Nimesema. Ya kwangu na ya kwake.

Sasa bado kitu kimoja.

Jana hiyo hiyo mchana tulikwenda uani kwa Shangazi, mimi na mwanangu. Binti alikuwa pale na mjomba wake, fundi baiskeli. Mwanangu aliwaambia mwenyewe, sikumsaidia. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, hakunitukana, ingekuwa heri angenitukana. Aliniuliza, "Ma'mdogo, ulikuja hapa kila jioni?" Nikasema, "Kila jioni." Akasema, "Haya." Wasikilizaji wapendwa, hiyo "haya" bado niko nayo hapa kifuani, na sijui nitaiweka wapi.

Halafu alituonyesha shimo la tatu. Alisema tangu mwaka ule wa mechi mama yake alilijaza, akalifunika, na hakuuza hata kopo moja kutoka mle. Wateja wa chooni aliwachotea la pili. Kila kiangazi aliinua mbao, anaongeza maji isikauke, anafunika. Binti alikuwa anamwuliza, "Mama, hii ya nani?" Alikuwa anajibu, "Ya uwanja. Siku wakiniita, nisije nikawa sina iliyolala."

Hawakumwita. Miaka ishirini na mbili, hakuna aliyemwita.

Mjomba na mwanangu wakainua mbao. Maji juu, safi, tunaona nyuso zetu. Chini, nyeupe, laini, haina sauti. Fundi baiskeli akainama akaweka sikio karibu na maji. Tukangoja. Akasema, "Imelala, Dada." Hapo ndipo binti alipolia.

Leo asubuhi, wasikilizaji wapendwa, mwanangu amechora mistari ya uwanja kwa chokaa ile. Peke yake, kwa jicho moja, na mistari imenyooka kuliko kiti hiki. Kwanza alipochora haikuonekana. Watu wakaanza, "Mbona unamwaga maji?" Akawaambia wakae chini. Nilipokuwa nakuja huku studio nilipita pale, ilikuwa imeanza kuonekana upande wa goli la zahanati. Mechi ni saa kumi. Narudia, saa kumi jioni.

Kwa binti wa Shangazi Chokaa, kwa mdogo wake fundi baiskeli, na kwa wote waliomwita Shangazi bila kuwa na undugu naye: poleni. Poleni sana. Pole yangu ni ndogo na imechelewa, na mnajua kwa nini. Nanyi mliosema yale maneno, na nyinyi mliofunika pua mkinunua kopo, msije kwangu, mimi sina cha kuwapa. Nendeni nyuma ya soko, mlango wenye mti wa ndimu. Semeni na binti. Mkiwa njiani, mfikirie ni nani mwingine mnamnyamazia, na bado yu hai, na anawasikia.

Na nyinyi wachezaji wa saa kumi. Chokaa imelala, lakini chokaa ni chokaa. Mtu akiangukia uso, msitafute ndimu. Msisikilize mama yeyote, hata awe wako. Maji. Maji safi, mengi, hapo hapo, ndoo baada ya ndoo mpaka gari lifike. Ndoo nne nimezijaza, nimeziweka nyuma ya goli.

Narudia kwa waliochelewa kufungua: ni maji.